Chai ya Kambini

Alhamisi, 24 Agosti 2006

Nesi wa kliniki ya watoto amenipa daftari hili niandike Israël analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, labda tutajua kwa nini nyumba nzima hailali. Ana miezi minne. Leo asubuhi: amelala saa mbili, ameamka saa tatu kasorobo. Basi. Ukurasa umebaki mtupu, kalamu ninayo, na mashine ya kufulia namba mbili bado ina dakika thelathini na nane.

Ampai amekaa mbele yangu anakunja mashuka. Katika jengo letu hapa Hallonbergen, nje kidogo ya Stockholm, kila nyumba ina kikufuli chake cha kuweka kwenye ubao wa chumba cha kufulia, watu wajue saa hizo zimeshachukuliwa. Changu na chake vinakaa jirani: mimi Alhamisi saa mbili hadi saa tano, yeye saa tano hadi saa nane. Lakini yeye hushuka mapema na mimi huchelewa kupanda. Yeye ni Mthai, ameolewa na Kjell, dereva wa basi. Kiswidi chetu ni cha kuokoteza, kinatutosha. Ananiita nong, yaani mdogo wake. Mimi namwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu Uvira, Kongo.

Leo ana furaha mpaka anakunja vibaya. Binti yake Fon, miaka tisa, amepata kibali cha kukaa Sweden. Mwaka mmoja na miezi minne wamesubiri. Tiketi ni ya tarehe sita Oktoba, shule za kwao zikifunga.

"Atalala wapi?" nikamuuliza.

"Kitandani kwangu. Kjell atalala na basi lake."

Jumatatu, 28 Agosti

Mvua. Israël hajalala. Mimi pia.

Alhamisi, 7 Septemba

Ampai ameshuka na kaseti. Ni sauti ya kaka yake Bunlert, anayemlea Fon pamoja na mama yao kijijini, mkoa wa Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand. Bunlert ana redio ndogo ya kijiji: chumba kimoja nyuma ya nyumba, mtambo wa kurushia matangazo, kabati moja la chuma. Tuliweka kaseti juu ya kikaushio. Maneno sikuyaelewa, ila mtu nilimwelewa. Anasoma bei ya vitunguu saumu, anatangaza misiba, anacheka mwenyewe kabla mzaha wake haujaisha. Mwishoni, Ampai akanitafsiria, alimsifu waziri mkuu wao dakika kumi nzima.

"Anampenda hivyo?"

"Mama alikuwa haoni. Serikali hii ikasema hospitali ni bahti thelathini za pesa yetu, ugonjwa wowote. Bei ya bakuli la tambi. Wakamtoa mtoto wa jicho. Sasa mama anaona mpaka uchafu wa kwa jirani." Halafu akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na mashine. "Lakini huyo mtu si malaika, nong. Ilipokuja vita yake ya dawa za kulevya, mtoto wa jirani yetu alipigwa risasi akinunua barafu. Hakuna aliyeuliza nani amempiga."

"Na watu wakimchoka?"

"Tunapiga kura." Akatafuta soksi ya pili. "Au jeshi linakuja. Kwetu jeshi linakuja kila baada ya miaka kadhaa, linakaa, linaondoka."

Alisema hivyo kama anayesema habari za basi kuchelewa.

Jumapili, 17 Septemba

Nimepiga kura. Naandika tena nijione: nimepiga kura. Miaka ishirini na saba, mara ya kwanza. Sisi tusio na uraia tunaruhusiwa kuchagua wa manispaa na wa mkoa tukishakaa miaka mitatu. Karatasi zetu ni nyeupe na za buluu. Za njano ni za bunge, hizo si zetu. Nicole, mwanangu wa kwanza, miaka sita, alitaka ya njano kwa sababu ndiyo nzuri. Nikairudisha mezani. Akaanza kulia, nikamwachia alambe gundi ya bahasha, akanyamaza.

Ampai alivaa nguo ya harusini. Hapakuwa na askari mlangoni. Sikutaka kumtafuta, macho yenyewe yalimtafuta. Palikuwa na mama mmoja mzee anauza kahawa na maandazi ya mdalasini.

Jumatatu, 18 Septemba

Waliokuwa wakitawala wameshindwa. Mkubwa wao alitokea kwenye televisheni, akasema tumeshindwa, akaenda zake. Urbain, mume wangu, amekaa tangu asubuhi anangojea kitu.

"Mbona hakuna kinachotokea, Mama Nicole?"

"Ndicho hicho kinachotokea."

Mwezi uliopita kwetu Kongo walitangaza matokeo ya kura, na walinzi wa wagombea wawili wakapigana siku tatu katikati ya Kinshasa. Wanakwenda duru ya pili Oktoba. Urbain akazima televisheni, kisha akaiwasha tena.

Jumanne, 19 Septemba

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, wali uko jikoni, mlango unagongwa. Ampai, ana mwiko mkononi. "Njoo uone."

Kwake wana sahani inayoshika televisheni ya Thailand. Hakukuwa na habari. Picha za mfalme wao tu, na nyimbo za taratibu. Redio ya kwetu ikianza kupiga nyimbo siku isiyo ya sikukuu, mama alikuwa anatuita ndani na kufunga madirisha, hata kuwe na joto la namna gani. Baadaye mtu akasoma tangazo: jeshi limeshika nchi, linaomba radhi kwa usumbufu. Waziri mkuu mwenyewe yuko New York, mkutanoni.

Kjell alisema, "Lakini si walikuwa wapige kura tena kabla ya mwaka kuisha?"

"Hakuna atakayekufa," akasema Ampai. "Mtaona." Alikuwa ametulia kuliko mimi. Akarudi kukoroga.

Wali wangu uliungua.

Alhamisi, 21 Septemba

Kjell amemchapishia picha za Bangkok, naye amezibandika ukutani juu ya mashine namba moja. Vifaru vimefungwa utepe wa njano, rangi ya mfalme wao, mdomoni mwa mizinga. Watoto wamepandishwa juu. Wanawake wanawapa askari maua, wanapigwa picha nao. Jirani wa ghorofa ya pili akazitazama, akasema ni nzuri, kama sikukuu.

"Yaya, zitoe."

"Kwa nini? Wanatabasamu."

"Ndiyo sababu."

"Nong, askari wenu walikuwa wanaiba kuku. Wetu ni watoto wa watu. Nusu ya darasa langu ni askari."

"Wetu pia walikuwa watoto wa watu."

Tukaendelea kukunja. Shuka moja kubwa lilituhitaji wote wawili, tukalishika kila mtu upande wake, tukasogea, tukakutana katikati, tukaachana.

Ijumaa, 22 Septemba

Karatasi ya hasira chumba cha kufulia: kuna mtu hakusafisha kichujio cha kikaushio. Ni mimi.

Jumamosi, 23 Septemba

Askari wamefika kwa Bunlert. Wanne. Wakavua viatu mlangoni, wakamwamkia mama yao kwa viganja vilivyokutanishwa. Redio zote ndogo za kaskazini zimeamriwa kunyamaza. Wakachukua mtambo, wakaandika risiti. Wakamwambia Jumanne aende kambini anywe chai, wazungumze kidogo, waelewane.

"Walivua viatu, nong," Ampai ananiambia. Ameirudia mara tatu.

Jumapili, 24 Septemba

Kwa kaka yangu Melchior pia walikuwa na adabu. Leo nimeyasema kwa Kiswidi, ambacho sina hata maneno yake, na yamenitoka vibaya, basi naandika hapa yakae sawa.

Uvira, 1998. Kaka yangu alikuwa mwalimu, alikuwa anawasomesha vijana wa parokia sheria na haki. Walimletea barua iliyopigwa kwa mashine: fika kambini saa tatu, maswali mawili tu. Mama akampigia pasi shati jeupe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikamtengenezea chai. Akaikataa. "Nitakunywa ya kwao," akasema, akanivuta sikio. Alikuwa anatania. Saa sita mama akaenda langoni, wakamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo, mama, nenda kapumzike. Walimwita mama. Walimletea kiti.

"Sisi ndio tuliompeleka, yaya," nilimwambia Ampai jikoni kwake. "Kwa miguu yake, na shati la pasi. Mtu hanywi chai ya kambini."

"Si kambi ileile."

"Kambi ni kambi."

"Wewe huijui nchi yangu."

"Siijui. Najua barua. Najua kiti."

Alinitazama sana. Israël alikuwa ananyonya, kimya, kama naye anasikiliza. Mwisho Ampai akakwangua kadi ya simu. Bunlert alicheka kwanza, nilisikia kile kicheko cha kwenye kaseti. Ampai akaendelea kusema, nikasikia jina la kaka yangu katikati ya Kithai, Melkio, Melkio. Kicheko kikaisha.

Leo hii hii, kabla ya giza la kwao, Bunlert amechukua pikipiki amepanda milimani, kwa shangazi yao mwenye shamba la matunda.

Nilipanda ngazi kwenda kwangu nikiwa mwepesi. Miaka minane nimebeba neno hilo bila mtu wa kumpa. Israël amelala saa tano mfululizo.

Alhamisi, 28 Septemba

Ampai ameniambia akiwa amesimama.

Jumanne Bunlert hakwenda. Jumatano wakarudi. Si wale wanne. Kumi na wawili, na viatu vyao. Wakamuuliza mama: mtu asiye na kosa anakimbia nini? Wakabeba kabati la chuma. Ndani ya kabati, kwa kuwa ndicho kitu pekee kinachofungwa kwa ufunguo nyumba ile, ilikuwemo pasipoti ya Fon. Kibali cha Sweden kimebandikwa ndani yake.

"Angekunywa chai," akasema Ampai. "Angeambiwa maneno, angesema ndiyo, angerudi nyumbani kulisha kuku. Ndivyo inavyokwenda kwetu. Zimebaki siku nane, nong. Ulinionesha kwenu nikaona kwenu. Sikuona kwetu."

Mashine ikaanza kukamua. Alibandua zile picha za vifaru, akaziweka ndani ya kapu lake la nguo, akapanda.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kikufuli chake hakiko jirani na changu. Kimehamia Jumanne.

Ijumaa, 6 Oktoba

Ndege imeondoka bila Fon. Kjell kaniambia kwenye lifti. Amesema pia kitanda kilikwisha kutandikwa, na Ampai hataki kitanduliwe.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua tangu Jumapili. Nilisikia mashine chini, najua ni yeye. Sikushuka.

Urbain ananiambia, "Wewe ulimwokoa mtu."

"Nilimwokoa kutoka kwenye nini? Hatujui kulikuwa na nini ndani ya kikombe."

"Bora tusijue."

"Na mtoto je?"

Akachukua koti akaenda kazini.

Jumamosi, 14 Oktoba

Amekuja. Amevua viatu, amesimama kwenye zulia la mlangoni kama mgeni wa serikali.

"Bunlert anataka kushuka," akasema. "Afuate pasipoti. Wameshamtumia mama salamu: mwenye kabati aje achukue vitu vyake. Mama anasema aende. Kijiji kizima kinasema aende. Nimekuja kukuuliza wewe."

"Mimi, yaya? Baada ya nilichofanya?"

"Wale wote hawaogopi. Nataka mtu mmoja anayeogopa afikiri pamoja nami."

Nikamkalisha jikoni, nikampa Israël ampakate, kwa sababu mtu mwenye mtoto mapajani hawezi kuondoka ghafla. Tukafikiri mpaka Nicole akajipakia jemu kwenye mkate mwenyewe. Mimi nilisema asiende peke yake, aende mchana, na watu ambao askari wataona haya mbele yao. Yeye akataja mkuu wa watawa wa hekalu lao, ambaye amewahi kumzika baba wa kamanda wa kambi. Na mwalimu wa Fon. Na mama. Sheria ya jeshi inakataza kukusanyika watu watano au zaidi. Wao watakuwa wanne.

"Na asivae shati la pasi," nikasema.

"Hana pasi." Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Septemba, na kicheko chenyewe kilikatika njiani.

"Na wasitoke bila yeye, yaya. Hata wakiletewa viti."

"Nitawaambia. Lakini mama ana miaka sabini na mbili."

Jumatano, 18 Oktoba

Wamekwenda. Wamepokelewa vizuri. Viti vililetwa. Chai ililetwa. Pasipoti ilitolewa ndani ya bahasha safi, mama akaikagua ukurasa kwa ukurasa kwa macho yake ya bahti thelathini. Kisha ofisa akasema Bunlert atabaki siku saba, kuna somo dogo la kuelewana. Mtawa akaendelea kukaa. Mwalimu akaendelea kukaa. Saa kumi jioni wakaambiwa kwa upole kwamba lango linafungwa, na mama yetu amechoka, hamwoni?

Mama akatoka na pasipoti. Mwanawe akabaki.

"Alikunywa?" nikauliza.

"Alikunywa yote. Mama anasema aliimaliza haraka ili watoe bahasha."

Ijumaa, 20 Oktoba

Siku ya pili. Ampai amekata tiketi mpya, Fon atafika tarehe thelathini. Anasema kwa sauti moja, kama anasoma.

Jumapili, 22 Oktoba

Siku ya nne. Kanisani nimemwombea Bunlert kwa jina. Jirani yangu wa benchi akauliza ni Mkongo wa wapi huyo.

Alhamisi, 26 Oktoba

Kikufuli chake kimerudi jirani na changu. Siku saba ziliisha jana. Hajatoka. Tumefua.

Jumamosi, 28 Oktoba

Ametoka. Ana mikono yote, miguu yote, meno yote, mama kahesabu. Ampai alikuwa akicheka na kulia kwenye ngazi, akanishika mashavu. "Unaona, nong? Unaona? Kwetu wanarudi."

Nimemwambia naona. Nimefurahi kweli. Nilipofunga mlango nikakaa chini pale pale kwenye viatu vya watoto, nikamlilia mwingine.

Jumapili, 29 Oktoba

Leo kwetu duru ya pili. Mama mkwe alisimama mstarini tangu alfajiri, mvua inanyesha. Urbain akamuuliza kwenye simu kama kuna askari. Kila kona, amesema, wanatulinda.

"Muulize kama wanatabasamu," nikasema.

Urbain hakuuliza.

Jumatatu, 30 Oktoba

Fon amefika. Mdogo kuliko picha zake. Ana begi la shule tu. Alinipigia magoti mlangoni kunisalimia, nikamwinua. Nicole akamwonesha choo, televisheni na Israël, kwa mpangilio huo.

Jumatano, 1 Novemba

Tufani ya theluji. Tangu asubuhi huoni jengo la pili. Mabasi yamesimama na Kjell ndani ya moja, huko barabarani, salama, anakunywa kahawa ya abiria. Ampai na Fon wamekuja kukaa kwetu kwa sababu Nicole aliwaita kwa kugonga sakafu.

Mchana Ampai akampigia kaka yake. Akaweka simu mezani ili sauti yake tuisikie sote. Nilimngoja yule mtu wa kaseti. Ampai aliuliza hili na lile. Ile sauti ikajibu neno moja. Swali refu, neno moja. Nikamuuliza Ampai kwa macho, naye akanitafsiria, midomo tu: ndiyo. Swali jingine. Ndiyo. Chakula? Ndiyo. Mtambo wamerudisha? Neno jingine: sihitaji.

Fon akaivuta simu kwake. Akajiweka sawa kwenye kiti, akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti kubwa ya mtu mzima, na hapo nikaitambua: ni kaseti. Ule mwanzo wa kila asubuhi, mwendo ule ule. Ampai akanitafsiria huku macho yanametameta. Habari za asubuhi wapendwa wasikilizaji, hii ni redio ya Stockholm, vitunguu saumu havijulikani bei, mvua ya leo ni nyeupe na inaanguka kwa ubavu. Nicole akapiga makofi. Hata Israël alicheka. Fon naye akacheka kabla mzaha wake haujaisha.

Kwenye simu hakuna aliyecheka. Kisha Bunlert akasema kitu kifupi, taratibu sana, kwa upendo. Ampai hakunitafsiria. Nikamgusa mkono.

"Amesema, mwanangu, punguza sauti."

Fon akapunguza. Akamaliza taarifa yake ya theluji kwa mnong'ono, mdomo karibu na simu, mkono umeufunika. Alipomaliza akamrudishia mama yake simu, akaendelea kunong'ona na Nicole, na Nicole, ambaye sijawahi kumnyamazisha tangu azaliwe, akawa anamjibu kwa mnong'ono vile vile.

"Mama," Nicole akaninong'oneza kwa Kiswidi, "kwa nini tunasema kwa sauti ya chini?"

Nikasimama. Nilichoka, mtoto mgongoni, lakini nikasimama nikaenda mpaka walipo. Nikamshika Fon kidevu kama ninavyomshika wangu.

"Hapa kwangu," nikamwambia kwa Kiswidi changu kibovu, "watoto wanasema kwa sauti. Sema tena. Theluji ikoje?"

Ampai akamtafsiria, nilimwona ameelewa. Akavuta pumzi.

Lakini kwanza aliangalia mlango.